Udongo Unaposhuka: Uhakiki wa Istilahi za Peti na Matumizi ya Ardhi

Utangulizi

Istilahi mbovu huleta hasara za namna mbili. Hasara ya kwanza huishia karatasini: msomaji hukwama, hufungua kamusi, kisha akaendelea na safari yake. Hasara ya pili hutoka karatasini ikaingia shambani au karakanani, kwa kuwa neno lenyewe humwelekeza mtu kutenda jambo lisilopasa kutendwa. Makala haya yanahusu hasara hii ya pili. Tumechagua uwanja mmoja mdogo, nao ni maneno yanayofaa au yasiyofaa kueleza udongo wa vinamasi uliofanyika kwa masalia ya mimea, pamoja na maneno ya kueleza mambo yanayoupata udongo huo watu wanapouondolea maji, wanapoulima, wanapolisha mifugo juu yake, au wanapouchimba ili uwe kuni.

Huenda msomaji akauliza, kuna haja gani ya kuhangaikia udongo ambao wengi wetu hatujapata kuutia jembe? Jibu ni kwamba Kiswahili si lugha ya mwambao peke yake. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi, na mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikikubali kuwa lugha rasmi ya Jumuiya hiyo. Katika mabonde ya Kigezi kusini-magharibi mwa Uganda, katika nyanda za juu za Rwanda na za Burundi, udongo huu ni sehemu ya maisha ya wananchi. Huko Kongo, watafiti walitangaza mwaka 2017 kuwa chini ya misitu ya vinamasi ya bonde la kati mna udongo wa aina hii wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 145,500. Hesabu iliyorudiwa mwaka 2022 ikafikisha eneo hilo kwenye 167,600. Lugha inayotaka kuwa ya Afrika Mashariki nzima haina budi kuwa na maneno ya udongo wa Afrika Mashariki nzima.

Dhana yenyewe

Kabla ya kulihukumu jina, yafaa tuifahamu vyema dhana. Mmea unapokufa mahali pakavu, vijidudu huula mzoga wake kwa msaada wa oksijeni iliyo hewani, na baada ya muda usio mrefu hubaki kidogo sana. Lakini mmea ukifia mahali palipojaa maji daima, oksijeni huwa haba, na uozaji huenda polepole mno. Kila mwaka masalia mapya hulalia masalia ya zamani. Kwa kadiri ya kawaida, tabaka hili hukua kwa milimita moja hivi kwa mwaka au pungufu ya hapo, yaani kina cha mita moja huweza kuwa kazi ya miaka elfu. Katika Ulaya ya kaskazini, masalia hayo aghalabu hutokana na vimea vidogo visivyo na mizizi viitwavyo sfagnamu. Katika mabonde ya nyanda zetu za juu, hutokana zaidi na mizizi na mashina ya mafunjo pamoja na ndugu zake wa jamii ya ndago. Udongo wa namna hii umeenea katika takriban sehemu 3 tu kwa 100 za nchi kavu duniani, lakini umehifadhi karibu theluthi moja ya ukaa wote uliomo katika udongo.

Jambo la pili la kufahamu ni muundo wake. Udongo wa kawaida husimama kwa chembe zake za mchanga na za mfinyanzi. Maji ni mgeni anayepita katika nafasi zilizoachwa na chembe hizo. Udongo tunaouzungumzia husimama kwa maji. Ukiwa katika hali yake ya asili, sehemu zipatazo 90 kwa 100 za ujazo wake huweza kuwa maji, na kinachobaki ni utando wa nyuzi za mimea ulioyashikilia. Mita moja ya ujazo ya udongo wa kawaida, ukiisha kukaushwa, aghalabu huwa na uzito wa kilo 1,200 hadi 1,600. Mita moja ya ujazo ya udongo huu, ikiwa haujaoza sana, ikikaushwa huenda isifikie kilo 100. Kwa hiyo anayeondoa maji hapa anaondoa nguzo za nyumba, na wala si mgeni aliyekuwa amepiga hodi.

Jina la udongo

Mfasiri anayekutana na dhana hii ana njia nne mbele yake, na kila moja ina miiba yake.

Njia ya kwanza ni kuuita udongo huu "mboji". Neno hili ni zuri, ni la Kiswahili, na linavuta kwa sababu nalo linahusu masalia ya mimea. Lakini mboji ya mkulima ni kitu kilichooza kikatimilika. Ni chakula cha mazao kinachochukuliwa na kutiwa shambani. Udongo huu ni kinyume chake kabisa: thamani yake na muundo wake vyatokana na kutooza. Mkulima akiambiwa kuwa bonde lake lina mboji yenye kina cha mita 5, ataelewa kuwa ameonyeshwa ghala la rutuba, naye atachukua jembe. Hapo neno limeshafanya kazi ya bwana shamba, tena bwana shamba mbaya.

Njia ya pili ni "tope" au "matope". Kosa lake ni wepesi: tope ni udongo wowote uliochanganyika na maji, nalo likikauka huwa udongo tena. Njia ya tatu ni "udongo wa kinamasi" au "udongo mweusi". Majina haya yanataja mahali au rangi, na kuacha kitu chenyewe. Vinamasi vingi vina udongo wa mfinyanzi usio na nyuzi hata moja, na udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kunata masika, una tabia nyingine kabisa. Ushauri unaofaa mbuga ukipelekwa Kigezi kwa sababu ya jina moja tu, anayelipa gharama si mwandishi.

Njia ya nne ni kutohoa na kusema "peti". Neno hili lina sifa ya kutodanganya. Halisemi chochote kwa anayelisikia mara ya kwanza, na kwa hiyo linamlazimu kuuliza. Kasoro yake inafahamika: ni ganda tupu, halina mzizi katika lugha wala katika maisha ya msemaji.

Hata hivyo, utaratibu wa kuunda istilahi uliozoeleka katika Kiswahili hautupeleki moja kwa moja ng'ambo. Hututaka kwanza tupekue Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, ndipo tubishe hodi kwa wageni. Sasa, Wanyarwanda wana neno. Udongo huu wao huuita "nyiramugengeri", na neno hilo hutumika hadi leo pale wanapozungumzia kuuchimba na kuuchoma. Kiambishi nyira- hatukioni kwa mara ya kwanza. Tunakifahamu katika jina la mlima Nyiragongo. Wala si ajabu kutafuta msaada upande huo, kwani hata mafunjo yetu na "urufunzo" wao yanafanana kama watoto wa tumbo moja. Ni kweli kwamba neno ni refu, na mtu aweza kushawishika kulipunguza likawa "mgengeri" na kulitia katika ngeli ya M-/MI-. Sisi tunaona kuwa si adabu kulikata neno la jirani bila ya kumshirikisha mwenyewe. Jambo hili lingefaa kujadiliwa na wanaisimu wa Rwanda pamoja na wenzao, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar ndiyo baraza lililo karibu. Waindonesia wametuonyesha mfano: wao huuita udongo huu "gambut", neno lililo lao, na mwaka 2016 walipounda chombo cha serikali cha kuushughulikia, neno hilo hilo liliingia katika jina la chombo. Mpaka hapo shauri letu litakapokatwa, katika makala haya tutasema "peti", tukijua kuwa ni kanzu ya kuazima.

Muundo na mizani ya mkono

Jina likiisha kupatikana, yanakuja maneno ya kueleza hali ya udongo. Vitabu vya kilimo vimetuzoeza kuugawa udongo katika kichanga, tifutifu na mfinyanzi. Mgawanyo huu hauna kazi katika peti, kwa kuwa unapima ukubwa wa chembe, na peti haikuumbwa kwa chembe za madini. Swali la kuuliza kuhusu peti ni hili: nyuzi zake zimesalia kiasi gani?

Msweden Lennart von Post, katika miongo ya mwanzo ya karne ya ishirini, aliweka mizani ya daraja 10 ambayo haihitaji chombo chochote isipokuwa mkono. Mtu hutwaa konzi moja ya peti mbichi akaikamua. Katika daraja la kwanza hutoka maji safi, na nyuzi zote hubaki kiganjani. Kadiri uozaji unavyozidi, maji hutoka yenye rangi ya hudhurungi, kisha mazito. Katika daraja la 10, konzi nzima hupenya katikati ya vidole kama uji, na mkononi hapabaki kitu.

Hapa Kiswahili hakina sababu ya kwenda kuomba. Yeyote aliyewahi kukamua nazi anakijua kipimo hiki. Anajua tui la kwanza na la pili, na anajua machicha yanayobaki. Pale ambapo sayansi ya udongo hugawa peti katika daraja tatu kuu, twaweza kusema bila ya kigugumizi: peti ya nyuzi, peti ya kati, na peti ya rojo. Na mwalimu anayetaka kuwaeleza wakulima mizani yenyewe aseme tu: kamua, utazame machicha. Istilahi inayomkumbusha mtu kazi ya mikono yake haihitaji kukaririwa.

Kuna tashbihi moja ambayo imekuwa kipenzi cha waandishi, nayo hatuna budi kuikosoa: kwamba peti ni kama sponji. Tashbihi hii ni nusu ya kweli, na nusu iliyokosekana ndiyo yenye hatari. Sponji hunywa maji, hilo ni sawa. Lakini sponji ikikamuliwa na kukaushwa, ukiitia maji hurudi kuwa vilevile. Peti haiko hivyo. Ikikauka kupita kiasi, nyuzi zake hushikamana, huwa punje ngumu, na maji yakimwagwa juu yake hutiririka kama juu ya jani la gugu maji. Kitenzi "kukauka" katika matumizi yetu ya kila siku kinabeba tumaini la kulowana tena. Nguo hukauka, ardhi hukauka, mvua ikinyesha vyote hulowa. Kwa hali hii ya peti tunapendekeza isemwe wazi "kukauka kusikorudi". Neno si fupi, lakini ufupi usiosema kweli hautufai.

"Kuzama" kunakoficha mambo matatu

Sasa tunafika penye kiini cha uhakiki wetu. Peti ikiondolewa maji, uso wa ardhi hushuka. Huko Uingereza, katika kinamasi cha Holme, ilisimikwa nguzo ya chuma wakati ziwa la Whittlesey lilipokaushwa mwaka 1851 ili kupata mashamba. Kichwa cha nguzo kilikuwa sawa na uso wa ardhi. Leo nguzo imesimama takriban mita 4 juu ya ardhi, nayo haikupanda hata kidogo. Ardhi ndiyo iliyoshuka, ikawa miongoni mwa sehemu zilizo chini kabisa katika Uingereza yote, chini ya usawa wa bahari. Katika nchi za joto mwendo ni wa kasi zaidi. Katika mashamba ya miti na michikichi yaliyofunguliwa juu ya peti huko Indonesia, vipimo vilivyotolewa mwaka 2012 vilionyesha kushuka kwa karibu mita moja na nusu katika miaka 5 ya kwanza, na baada ya hapo takriban sentimita 5 kila mwaka.

Tukio hili twaweza kulieleza kwa "kuzama", "kudidimia", "kutitia" au "kubonyea". Yote ni maneno hai na yote yanaeleza kile ambacho jicho linakiona. Kasoro ni kwamba jicho linaona tukio moja, hali yaliyotokea ni matatu.

La kwanza hutokea chini, katika tabaka ambalo bado lina maji. Awali maji yaliibeba peti ya juu kama yanavyobeba chombo. Maji ya juu yakiondoka, uzito wote huangukia tabaka la chini, nalo hubanwa. Hili tunaliita "kugandamizwa". Hutokea kwa haraka, hasa katika miaka ya mwanzo.

La pili hutokea juu ya usawa wa maji. Peti inayokauka hujikunja. Nyuzi huvutana, vitundu hufunga, nyufa hutokea. Kwa hili wengine wangependekeza "kunywea", na kwa maana ni neno sahihi. Lakini lina pacha wake, "kunywea" kwa maana ya kunywa kwa chombo, na katika sentensi inayozungumzia maji na udongo, pacha huyo ataleta fujo. Twachagua "kusinyaa", linalotumika kwa jani na kwa ngozi bila ya utata.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Hewa ikiingia mahali palipokuwa na maji, vijidudu huamka na kuila ile karamu iliyokuwa imefungiwa kwa maelfu ya miaka. Masalia ya mimea hugeuka hewa ya ukaa na kutoweka. Kwa jambo hili lugha yetu ina neno ambalo hatuoni sababu ya kutolitumia: "kulika". Sabuni hulika, kisu hulika kwa kunolewa, soli ya kiatu hulika. Kilicholika hakikubanwa mahali, hakikujikunja, hakipo. Tena kulika hakuna mwisho maadamu maji yako chini na peti ingalipo.

Tazama basi jinsi "kuzama" linavyopotosha. Kitu kilichozama kiko chini, anayekitaka atakifuata. Peti iliyolika haikwenda chini, imekwenda hewani. Nguzo ya Holme haionyeshi udongo uliozama mita 4. Inaonyesha udongo uliogandamizwa kwa sehemu, uliosinyaa kwa sehemu, na uliolika kwa sehemu ambayo hairudi.

Mtu aweza kusema kuwa haya ni mambo ya maabara, na mkulima anatosheka na neno "kushuka". Sisi hatukatai "kushuka". Kwa tukio zima la uso wa ardhi ndilo neno tunalolipendekeza, kwa kuwa linataja linaloonekana wala halidai kujua sababu. Lakini mkulima ndiye hasa mwenye haja ya tofauti hizi. Tuseme afisa wa kilimo anaandika kijitabu cha mabonde yaliyokaushwa, naye anaeleza kuwa udongo wa bonde "umeshindiliwa". Katika kilimo chetu, dawa ya udongo ulioshindiliwa inajulikana: lima kwa kina, ufungue udongo, hewa iingie. Mkulima mtiifu atafuata ushauri huo. Lakini hewa ndiyo adui wa peti. Kila anapofungua tabaka jipya, analiongezea kulika. Msimu ujao ardhi imeshuka tena, mtaro hauna kina tena, anachimba mtaro zaidi, maji yanashuka zaidi, na kulika kunaendelea. Mkulima huyo hakuwa mvivu wala mjinga. Amepotezwa na kitenzi kimoja.

Maneno ya matumizi ya ardhi

Kila matumizi ya ardhi yana alama yake katika muundo wa peti, na kila moja lina neno linalohitaji kuangaliwa.

"Kukausha kinamasi" ni usemi wa kawaida, na kwa ardhi ya mfinyanzi hauna madhara makubwa. Kwa peti, tungependa mwandishi aseme "kushusha maji", na ataje kwa kina gani. Sababu ni kwamba hasara hufuata kina: maji yakishushwa sentimita 20, ni tabaka la sentimita 20 lililoachwa wazi kwa hewa, yakishushwa mita moja, mita nzima imeachwa. "Kukausha" ni ndiyo au hapana. "Kushusha maji" kuna kadiri, na penye kadiri ndipo penye shauri.

"Kulima" tumekwisha kukugusa. Tuongeze kuwa tabaka la juu la peti inayolimwa mwaka hadi mwaka hupoteza nyuzi zake likawa vumbi. Vitundu vikubwa vilivyokuwa vikipitisha maji huporomoka, uzito wa kila mita ya ujazo hupanda, na maji ya mvua hupita kwa shida. Ndiyo maana bonde lililokaushwa kwa sababu ya maji mengi huweza kulalamikiwa baadaye kwa sababu mbili kwa pamoja: masika yanatuama juu, kiangazi lina kiu.

"Kulisha" kunaonekana kuwa kupole, na mara nyingi ni kupole kuliko jembe, kwa kuwa nyasi hufunika ardhi. Katika mabonde ya Kigezi, ambako vinamasi vingi vya mafunjo vilianza kufunguliwa katikati ya karne ya ishirini, sehemu kubwa imekuwa malisho ya ng'ombe wa maziwa. Hata hivyo, malisho nayo huhitaji maji yashushwe ili kwato zisizame, na kwato zenyewe hugandamiza uso. Hapa neno sahihi ni "kukanyagwa", na lisichanganywe na kule kugandamizwa kwa tabaka la chini, kwani kukanyagwa kwaweza kupunguzwa kwa kupunguza mifugo, bali kugandamizwa kwa uzito hakuwezi.

"Kuchimba" ni neno la kweli lisilo na kifuniko. Burundi ilianzisha shirika la umma la peti mwaka 1977 ili kupata nishati badala ya kuni, na Rwanda ilizindua mwaka 2017 kituo cha umeme cha Gishoma chenye uwezo wa megawati 15 kinachotumia peti. Hatuko hapa kuhukumu sera za nishati. Nchi yenye uhaba wa kuni ina hesabu zake. Tunalouliza ni kama peti iitwe "kuni" zinazoota tena. Mti ukikatwa, mjukuu aweza kuukuta mwingine. Peti ya mita moja hungojwa kwa miaka elfu. Anayeiweka katika fungu moja na kuni amekwisha kulijibu swali la sera kabla halijaulizwa.

Na hapa pana moto. Peti iliyokauka huwaka, tena chini kwa chini. Mwaka 1995 serikali ya Indonesia iliamuru takriban hekta milioni moja za Kalimantan ya Kati, nyingi zikiwa za peti, zifunguliwe kwa kilimo cha mpunga. Mifereji ilichimbwa kwa maelfu ya kilomita. Mpunga haukustawi kama ilivyotarajiwa, na mradi ukafutwa kabla ya karne kwisha. Mifereji ikabaki, na pamoja nayo peti kavu. Mioto ya 1997 na ya 2015 ilipata humo chakula tele.

"Kufufua"

Neno la mwisho katika uhakiki wetu ni lile linalofariji: "kufufua" au "kurejesha" kinamasi. Tuchukue kinamasi cha Rugezi, kaskazini mwa Rwanda. Maji yake huingia katika ziwa Burera, na kutoka hapo huendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Kinamasi kilipolimwa na maji yake kushushwa, ziwa lilipungua, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 umeme wa Ntaruka ulipungua vibaya. Serikali ilisimamisha kilimo na uondoaji maji ndani ya kinamasi; mwaka 2005 Rugezi iliandikishwa miongoni mwa ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na maji yakapanda tena.

Huu ni ushindi, nasi tunausifu. Lakini neno gani laufaa? Maji yalirudi, mafunjo yaweza kurudi kwa miaka michache. Peti iliyokwisha kulika haikurudi, na nyuzi zilizoporomoka hazisimami kwa sababu maji yamezikuta zimelala. Kurudisha maji huzuia hasara isiendelee. Hakulipi deni la zamani. Kwa hiyo tunapendekeza kitendo hiki kiitwe "kurudishia maji", na "kufufua" liwekwe akiba kwa yale yaliyofufuka kweli. Kiongozi anayeamini kuwa kilichoharibika kitafufuliwa hatakuwa na haraka ya kukilinda kilicho kizima.

Hatima

Kwa muhtasari, tunayoyaweka mbele ya wasomaji ni haya. Peti litumike kwa muda, na nyiramugengeri lifikiriwe pamoja na wenye neno lao. Mboji libaki kwa kitu kilichooza kikatimilika. Daraja za uozaji ziwe peti ya nyuzi, ya kati na ya rojo. Tukio la uso wa ardhi liitwe kushuka, na sababu zake zitajwe mbalimbali: kugandamizwa, kusinyaa, kulika. Kukausha kuachie nafasi kushusha maji, kwa kina kilichotajwa. Na kufufua kuachie nafasi kurudishia maji.

Karibu maneno yote haya yamo midomoni mwa watu. Hatukuunda viambishi vipya, wala hatukuvuka bahari isipokuwa kwa neno moja. Kilichotakiwa ni kuyapa maneno tuliyo nayo kazi zilizo tofauti, na kuwazuia wenyewe kwa wenyewe wasiibiane. Wasomaji walioko Kabale, Burera na Gitega, ambao wamekanyaga udongo huu na wanao msamiati wake, wana haki ya kutusahihisha kuliko sisi tulivyo na haki ya kuwafundisha. Nasi twangojea wafanye hivyo.